Mwendo Laini wa Kiti Mwendo Si Anasa

Imekuwa desturi katika miji ya nchi hii kwamba kila panapotolewa viti mwendo kwa watu wenye ulemavu, hufanyika sherehe. Turubai hufungwa, viti hupangwa mstari mmoja vikiwa bado vimevikwa nailoni, mgeni rasmi hukabidhi kimoja kimoja, makofi hupigwa na picha huchukuliwa. Baada ya hapo mgeni rasmi hupanda gari lake na kwenda zake. Mwenye kiti naye huondoka, lakini yeye haendi mbali. Hatua mia moja kutoka penye turubai lami inakwisha, gurudumu dogo la mbele linatumbukia shimoni, na safari inaishia hapo. Picha itatoka gazetini, shimo halitatoka.

Kutoa kiti si kosa, na anayetoa anastahili kushukuriwa. Kosa limo katika fikra inayotangulia kutoa. Fikra hiyo husema kwamba mtu mwenye ulemavu ni wa kupewa, wala si wa kuulizwa. Hakuulizwa anakaa wapi, anafanya kazi gani, mlango wa chumba chake una upana gani, njia anayopita ina mchanga au kokoto, wala mwili wake unastahimili nini. Vilihesabiwa vichwa, vikanunuliwa viti kwa idadi hiyo hiyo, kana kwamba ni sare za mgambo. Hata sare za mgambo hupimwa mabega.

Maadamu viti vilivyotolewa vilikuwa vya kusukumwa kwa mikono, hasara ya kasumba hii ilifichika. Leo viti vya umeme vimeanza kuonekana Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Dodoma, na kiti kimoja kizuri cha aina hiyo hugharimu mamilioni ya shilingi. Kosa la kuchagua bila kuuliza haliwezi kufichika tena. Kiti kisichofaa hubaki kimeegemezwa ukutani, betri zimekufa, watoto wanakichezea, na mwenye nacho amerudi kubebwa mgongoni na ndugu zake kama zamani.

Wapo wanaodai kwamba kiti cha umeme chenyewe ni anasa, sembuse kutaka kiti cha umeme chenye mwendo laini. Husikika wakisema kwamba nchi maskini haiwezi kuhangaika na springi za kiti cha mtu mmoja, na kwamba aliyepewa na ashukuru kwa alichopata. Hoja hii husemwa kwa sauti ya busara, na kwa sababu hiyo inafaa ijibiwe bila kuonewa haya. Ofisa anayeitoa amefika kazini katika gari lenye springi na shokapu katika kila gurudumu. Hajawahi kuandika dokezo kwa mkuu wake akishauri ziondolewe ili kubana matumizi. Akipita kwenye matuta hupunguza mwendo, akishuka hujinyoosha mgongo, na jioni hulalamika juu ya barabara. Yeye hukaa garini saa moja au mbili kwa siku. Mwenye kiti mwendo hukaa juu ya kiti chake tangu alfajiri hadi usiku. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Inapasa ieleweke kwanza kwamba ulaini wa mwendo ni suala la afya. Mtu aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hana hisia katika makalio na mapaja. Asiye na ulemavu akikaa vibaya, maumivu humwambia ageuke. Huyu haambiwi na kitu. Ngozi iliyobanwa kwa muda mrefu hukosa damu, kisha huchanika na kufanya kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho kinaweza kumlaza mtu hospitalini kwa miezi na hata kumuua. Kila mtikiso na kila mkwaruzo wa kuteleza juu ya kiti huongeza hatari. Wapo wengine ambao mtikisiko huwaamshia mkakamao wa misuli, miguu ikaruka kutoka mahali pake, au mkono ukapoteza kishikizo cha kuongozea kiti katikati ya barabara. Mtu wa namna hiyo akisema anataka kiti kisichomrusharusha, hadai starehe. Anadai kufika salama.

Historia ya chombo hiki nayo ni ushahidi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wengi walirudi makwao wakiwa wamepooza mikono na miguu, nao hawakuweza kusukuma viti vya kawaida. Nchini Kanada mhandisi George Klein wa Baraza la Taifa la Utafiti alitengeneza kiti cha umeme kwa ajili ya watu hao, na miaka ya 1950 viti vya namna hiyo vikaanza kuingia viwandani. Kwa hiyo chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya mwenye hitaji kubwa kuliko wote, wala hakikuwa pambo la tajiri. Ni vizuri pia kukumbuka kwamba askari hao hao walidai njia. Mwaka 1945 mji wa Kalamazoo, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ulianza kukata kingo za njia za miguu na kuziteremsha hadi usawa wa barabara. Kiti na njia ni kazi moja.

Sasa, kiti cha kukaa mjini kichaguliwe vipi? Kanuni ya kwanza ni kwamba kisichaguliwe dukani. Kila kiti ni laini juu ya sakafu ya marumaru. Muuzaji hukizungusha mara mbili mbele ya mteja, kikateleza bila sauti, na kila aliyepo akaridhika. Barabara ya mtaa wa Manzese au Buguruni haina marumaru. Kiti kijaribiwe pale kitakapofanyia kazi: katika mlango wa nyumba anayoishi mwenyewe, juu ya kokoto za uchochoro wake, katika ukingo wa barabara anayoivuka, na katika choo cha ofisi yake. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu swali.

Pili, yaangaliwe magurudumu yanayoendeshwa na mota, maana hayo ndiyo yenye tabia ya kiti. Viti ambavyo mota zake husukuma magurudumu ya nyuma hutulia vizuri katika mwendo wa moja kwa moja, lakini huhitaji nafasi kubwa kugeuka, na magurudumu yake madogo ya mbele ndiyo yanayolikuta shimo kwanza. Viti vyenye mota katika magurudumu ya katikati hugeuka mahali pembamba, ndani ya lifti au kati ya meza mbili za ofisi. Kwa hiyo hupendwa sana na wakaaji wa majengo. Hata hivyo huwa na magurudumu sita, na kikikuta mtaro mdogo, magurudumu madogo ya mbele na ya nyuma huweza kukaa kingoni huku yale ya mota yakining'inia hewani, kiti kikakwama kama ngalawa juu ya mwamba. Viti vyenye mota katika magurudumu ya mbele hutanguliza gurudumu kubwa, na kwa hiyo hupanda kingo na kuvuka ardhi mbovu kwa urahisi zaidi, ingawa mwendeshaji lazima ajifunze namna mkia wa kiti unavyozunguka. Hakuna kilicho bora kwa wote. Kipo kinachofaa kwa mtu fulani, katika mtaa fulani, kwa kazi fulani. Na hilo halijulikani kwa kusoma orodha ya bei.

Tatu ni tairi, springi na mto wa kukalia. Tairi la upepo humeza mitikiso midogo vizuri, lakini mwiba mmoja au kipande cha chupa humwacha mtu njiani. Tairi gumu lisilo na upepo halipati pancha, lakini kila kokoto hufika mgongoni. Mwenye fundi wa pancha karibu na nyumba yake anaweza kuchagua la kwanza. Anayepita njia ndefu peke yake huenda akachagua la pili, mradi kiti chake kiwe na springi za kweli zinazocheza chini ya uzito. Magurudumu makubwa huvuka mashimo ambayo madogo huyaangukia. Na mto wa kukalia usihesabiwe kuwa nyongeza. Kununua kiti cha mamilioni kisha kukiwekea kipande cha godoro kilichobonyea ni sawa na kujenga nyumba ya matofali na kuiezeka kwa magazeti.

Nne ni umeme. Viti vingi huendeshwa na betri mbili za volti 12, zikiungwa kuwa volti 24, na huchajiwa usiku kucha. Betri hizo hutengenezwa ili zitumike polepole hadi kukaribia kwisha na kujazwa tena kila siku. Betri ya kuwashia gari haikuundwa kwa kazi hiyo. Fundi anayeipachika kwenye kiti ili kuokoa fedha ataiua betri baada ya muda mfupi. Kisha ipo chaja. Vipo viti vinavyoletwa kama msaada kutoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni volti 120. Hapa ni volti 230. Chaja isiyokubali volti zote mbili huungua siku ya kwanza, na kiti kilichovuka bahari kikafa kabla hakijavuka barabara. Haiingii akilini kwamba shehena nzima inaweza kupokewa na kutiwa sahihi bila mtu mmoja kusoma maandishi yaliyo nyuma ya chaja. Aidha, umbali unaotajwa na kiwanda hupimwa juu ya ardhi bapa. Mchanga, vilima na joto hupunguza umbali huo, na mnunuzi mwenye busara huacha akiba ya kurudi nyumbani, pamoja na siku ambayo umeme umekatika.

Tano ni uzito. Viti vizito vyenye springi nzuri hufika kilo 100 na zaidi kabla mtu hajakaa. Vipo vyepesi vya kukunja vyenye uzito wa kama kilo 30, ambavyo watu wawili hukiingiza kimoja katika gari dogo bila shida, lakini ulaini wake kwenye njia mbovu ni mdogo. Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, na ndipo anapotakiwa mwenye kiti kusema, si mtu mwingine.

Achukuliwe mwalimu anayeishi Kimara na kufundisha katika shule iliyo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Daladala haimbebi na kiti kizito, na bajaji haina nafasi. Lakini tangu mwaka 2016 yapo mabasi ya mwendokasi, ambayo vituo vyake katika Barabara ya Morogoro vilijengwa na majukwaa yanayolingana na sakafu ya basi, pamoja na njia za mteremko za kupandia. Kwa mwalimu huyo kiti kizito chenye mwendo laini kinawezekana, kwa sababu hakitanyanyuliwa na mtu. Akihamishiwa mahali ambapo mwendokasi haufiki, hesabu yote inageuka. Na hata pale Kimara, dereva akisimama mbali na jukwaa na kuacha mwanya mpana, ustadi wote wa kiwanda ni bure. Kati ya nyumba ya mwalimu na kituo ipo njia ya vumbi. Kati ya kituo na shule upo mtaro usio na kifuniko. Na darasa lake, kwa uamuzi wa mtu ambaye hakufikiri, lipo ghorofa ya kwanza. Mwalimu huyo hakushindwa na ulemavu. Ameshindwa na mtaro, na ngazi, na ratiba ya madarasa.

Kwa nini basi uchaguzi huu umeachwa mikononi mwa watu wasiokalia kiti? Si kwa kukosa mwongozo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 juu ya viti vya kusukumwa kwa mikono katika nchi zenye uwezo mdogo, likataja hatua nane, miongoni mwake kumpima mtu, kukirekebisha kiti kimkae, kumfundisha kukitumia, na kukifuatilia na kukitengeneza baadaye. Mwaka 2023 likatoa mwongozo mpya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, unazungumza katika kifungu cha 20 juu ya haki ya mtu kwenda kwa namna anayoichagua mwenyewe, wakati anaoutaka, na kwa gharama anayoimudu. Wala nchi haikukosa wataalamu. Moshi kipo chuo cha TATCOT, kilichofunguliwa miaka ya 1980 kando ya hospitali ya KCMC, ambacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia na wa viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Kinachokosekana ni unyenyekevu wa kuuliza. Jina lake ni umangimeza: tabia ya mwenye meza kuamini kwamba meza yake inamwonyesha yote.

Nchi tajiri nazo zilifanya kosa hili. Baada ya mwaka 1948 serikali ya Uingereza iliwapa maelfu ya watu wenye ulemavu magari madogo ya magurudumu matatu, mengi ya buluu, yenye kiti kimoja tu. Aliyepewa hakuweza kumpakia mkewe wala mtoto wake. Ofisi iliona kwamba imetimiza wajibu. Mwenye gari aliona kwamba ametengwa na jamaa zake kwa hisani ya serikali. Mwaka 2003 magari hayo yalipigwa marufuku barabarani kwa sababu za usalama. Tanzania haina haja ya kupita njia hiyo kwa miaka hamsini ili kufika mahali ambapo wengine wamekwisha kurudi.

Inabaki hoja moja yenye uzito, nayo ni ya fedha. Ni kweli kwamba madawati, dawa na maji vinangoja katika mstari huo huo. Lakini uhaba wa fedha ndio unaolazimisha kuchagua vizuri, wala hauwezi kuwa kisingizio cha kuchagua ovyo. Si kila mtu anahitaji kiti cha umeme. Mwenye mikono yenye nguvu huenda akafaidi zaidi kiti chepesi cha kusukuma. Mwenye safari ndefu za nje huenda akafaidi baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, ambayo fundi yeyote wa baiskeli anaiweza. Kupima watu kungeonyesha ni nani hasa hawezi kwenda bila mota, na fedha zingeelekezwa kwake. Viti kumi vilivyopimwa, vyenye vipuri na fundi anayejulikana, vina thamani kuliko hamsini vitakavyolala ghalani kabla mwaka haujaisha.

Tena sehemu kubwa ya ulaini haiuzwi pamoja na kiti. Imo katika saruji ya njia. Ukingo uliokatwa wakati barabara inajengwa hauongezi gharama yenye kustahili mjadala. Ukingo unaovunjwa baadaye ni gharama mbili. Njia ya mteremko ya jengo inapaswa kupanda sentimita 1 katika kila sentimita 12 za urefu, au kulala zaidi ya hapo. Kibaraza cha sentimita 60 kinahitaji njia ya meta 7 na sentimita 20. Mkandarasi anayejenga ya meta 2 amejenga mtego, na mhandisi anayeipokea ametia sahihi ajali itakayotokea. Njia nzuri humfaa pia mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkongojo na mchukuzi mwenye mkokoteni. Asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Sheria ipo. Mwaka 1982, baada tu ya Mwaka wa Kimataifa wa Watu wenye Ulemavu, Bunge lilipitisha sheria mbili, moja juu ya ajira na nyingine juu ya matunzo ya watu hao. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Watu wenye Ulemavu, inayodai majengo ya umma yafikike, na inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Lakini asilimia 3 hiyo itafikaje kazini? Kumpa mtu barua ya ajira na kumnyima njia ya kuifikia ofisi ni kumfanyia dhihaka kwa mhuri wa serikali.

Wajibu basi uko wazi, na haumngoji mgeni rasmi. Ofisa ugavi anayeandaa zabuni ya viti asiandike idadi kabla ya kuandika majina, na asiandike jina kabla mwenye jina hajapimwa na kusikilizwa. Adai katika mkataba vipuri, betri, chaja ya volti 230 na fundi aliye karibu. Mhandisi wa halmashauri apite mtaani mwake siku moja akiwa amekalia kiti mwendo, tangu ofisini hadi kituo cha basi, kisha ndipo apokee kazi ya mkandarasi. Mwalimu mkuu mwenye mwalimu au mwanafunzi asiyeweza ngazi alishushe darasa hilo chini kesho asubuhi. Jambo hilo halihitaji bajeti wala waraka. Na mtu mwenye ulemavu mwenyewe asikubali kuwa mpokeaji bubu. Akatae kiti kisichomfaa, hata kama kimefungwa utepe.

Mji hupimwa kwa mtu aliye chini kabisa usawa wa barabara yake. Yeye ndiye anayelijua kila shimo, maana kila shimo limempiga mgongoni. Aulizwe.